Mwili umekuwa wa rangi mbili, na mpwa wangu anaungua kwenye keria

SWALI

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni kijana wa miaka 29, nasambaza mikate kwa baiskeli kutoka Mtwara mjini hadi maduka ya Mikindani, siku sita kwa wiki. Naondoka saa 12 na nusu asubuhi, nagawa, nasubiri wenye maduka wauze wanilipe, hadi nageuza ni saa 6 na nusu mchana. Jumapili naendesha na wenzangu barabara ya kwenda Mnazi Mmoja. Siku hiyo navaa kaptura ya kubana, fulana ya baiskeli, glavu zisizo na vidole na helmeti.

Sasa ni mwaka na nusu, na mwili wangu umekuwa wa watu wawili. Kuanzia katikati ya paja kushuka chini ni mweusi ti, juu yake ni maji ya kunde, rangi niliyozaliwa nayo. Mikono nayo imekatwa pale fulana inapoishia, kama imepigiwa rula. Nyuma ya kiganja kuna doa la duara, kubwa kama sarafu, pale glavu inapoacha tundu. Mashavuni mikanda ya helmeti imeacha mistari miwili myeupe. Oktoba iliyopita shingo kwa nyuma iliniwasha siku tatu, kisha ikababuka.

Dada mmoja wa sokoni amesema atanichanganyia krimu, wiki mbili tu rangi italingana. Mwenzangu anasema nisugulie limao. Mwingine anashikilia kwamba mtu mweusi haungui na jua. Nimsikilize nani? Halafu vidole viwili vya mkono wa kulia vina madoa meusi yanayochubuka, yalianza tulipokuwa tunabangua korosho nyumbani. Ni jua hilo hilo?

La mwisho ndilo linaloniuma. Kila asubuhi nampakia mpwa wangu wa miaka 7 kwenye keria hadi shuleni, na mchana napitia kumrudisha. Ana ualbino. Nampaka mafuta ya mgando kila siku, lakini masikio na mdomo bado vinapasuka. Kipato changu ni cha mikate. Nianze na nini?

Muuza mikate, Mtwara mjini

JIBU

Ndugu yetu, tuanze na mtoto, maana wewe jua linakubadilisha rangi, yeye linamjeruhi.

Weusi wa ngozi unatokana na melanini, na kazi yake ni kuzuia mionzi isifike ndani. Ngozi nyeusi ilipopimwa ilionekana ina kinga yake ya asili inayokaribia SPF 13, ile namba inayoandikwa kwenye chupa za losheni ya jua. Ngozi ya Wazungu ilikuwa na 3 na ushei. Mpwa wako hana kinga hiyo ya asili. Safari ambayo wewe unaitoka na jasho tu, yeye anaitoka na majeraha. Mafuta ya mgando hulainisha ngozi lakini hayazuii mionzi hata kidogo. Mpake usiku, yatasaidia mipasuko ipone, ila mchana usiyahesabu kuwa kinga.

Anza na kofia. Kapelo haitoshi, inafunika paji la uso na kuacha masikio na shingo, na umeona mwenyewe ni wapi panapasuka. Tafuta kofia ya kitambaa kizito yenye ukingo wa sentimita 8 kuzunguka kichwa chote, na fundi aitie kamba ya kufunga chini ya kidevu, la sivyo upepo utaipeleka baharini siku ya kwanza. Shati liwe la mikono mirefu, chini suruali au sketi ndefu na soksi. Kama sare ya shule ni ya mikono mifupi, mwende wewe na mzazi wake kwa mwalimu mkuu mwombe ruhusa. Mwambieni pia mtoto asisimamishwe juani wakati wa mstarini, akae mbele darasani kwa sababu ya macho, na asiwekwe karibu na dirisha linaloingiza jua. Mwavuli kwenye baiskeli usijaribu. Unashika upepo, usukani unakuponyoka, na aliye nyuma ndiye anayeumia zaidi.

Sehemu zinazobaki wazi, yaani uso, masikio, shingo na nyuma ya viganja, zipakwe losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, dakika 20 kabla ya kumpandisha kwenye keria. Kwa mtoto wa umri huo kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa zote. Midomo ipate mafuta ya mdomo yenye SPF. Watu husahau mdomo wa chini, nao ndio unaotazama juu. Kabla ya kutoka shule apakwe upya, kwa hiyo kichupa kidogo kikae kwa mwalimu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino. Waulizeni Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania (TAS) mtoto aandikishwe wapi ili aipate. Hiyo ni ya mtoto, wewe usiiguse.

Safari ya mchana ndiyo mbaya kuliko zote. Unamchukua jua likiwa utosini. Kama kuna jirani, ndugu au mwalimu wa kukaa naye kivulini hadi saa 9, mwache asubiri. Ikishindikana, nauli ya bajaji yenye paa ni matumizi ya lazima kama daftari.

Masikio hayo yanataka kuonwa na daktari sasa, msisubiri yapone yenyewe. Nendeni hospitali ya mkoa pale Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, muulizie daktari wa ngozi. Baada ya hapo akaguliwe mwili mzima kila miezi sita. Nyumbani mwangalieni kila wiki: kidonda kisichofunga kwa wiki nne, gamba gumu linalorudi pale pale kila likibanduka, au kinundu kinachotoka damu, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Saratani ya ngozi ikikamatwa ndogo hukatwa na kwisha.

Sasa tuje kwako. Aliyekwambia mtu mweusi haungui amekosea, na shingo yako ni ushahidi. Kinga ya 13 ni kubwa lakini ina mwisho, hasa kwa anayekaa juani saa sita kwa siku. Mwanzoni ngozi huwa nyeusi ndani ya dakika chache, hapo melanini iliyokuwepo inaiva tu, na weusi huo hupungua jioni. Siku ya pili na ya tatu ndipo unakuja weusi unaokaa muda mrefu, kwa sababu chembe za ngozi zimetengeneza melanini mpya kufunika kilichoharibika chini. Mstari wako ni alama ya kazi hiyo. Si uchafu, na hausuguliki. Mtu akiusugua kwa dodoki au jiwe, ngozi huchukulia kama jeraha jingine na kuzidi kuwa nyeusi.

Shingo ilibabuka Oktoba kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mtwara iko nyuzi 10 kusini ya ikweta, na jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, siku za karibu na tarehe 20 Oktoba na tarehe 21 Februari. Mara ya kwanza ni pale pale korosho zinapoanza kwenda mnadani na kila mwenye baiskeli yuko barabarani. Tumia kivuli chako kama saa. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali. Mwezi wa Oktoba hali hiyo huanza kama saa 3 asubuhi na kuisha kama saa 9 alasiri. Juni muda hupungua, ni toka saa 4 na robo hadi saa 8 na dakika 20 hivi, lakini usidanganyike na ubaridi wa kusi: hata Juni, jua la adhuhuri linakupa kivuli cha theluthi mbili tu ya urefu wako. Mionzi inayounguza si joto. Mwendesha baiskeli hupigwa na upepo, jasho linakauka, anajiona yuko salama, kumbe ngozi inaiva. Mawingu membamba nayo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi, na mchanga mkavu wa ufukweni huirudisha kutoka chini, kiasi cha asilimia 15, ndiyo maana hata chini ya kidevu panaungua.

Kwa hiyo jambo la kwanza halikugharimu kitu. Mkate unataka asubuhi, hilo huwezi kubadili, lakini malipo yanaweza kusubiri. Kubaliana na wenye maduka wakulipe kesho yake unapoleta mzigo mpya, ugeuze saa 2 na nusu uwe nyumbani kabla kivuli hakijawa kifupi. Wakikataa, subiri chini ya mwembe hadi saa 9. Ila fahamu kwamba ukienda Mikindani asubuhi jua liko mgongoni, na ukirudi alasiri limehamia magharibi, liko mgongoni tena. Ukiwa umeinamia usukani, shingo imelala kama sahani inayoanikwa, na haipati siku ya kupumzika. Paja nalo hupigwa zaidi kwa mbele, kwa kuwa ukiendesha upande huo ndio unaotazama juu.

Jambo la pili ni nguo. Tunasema nguo kabla ya losheni, na hesabu itakuonyesha. Ukivaa fulana na kaptura, kipimo sahihi cha losheni ni kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kwa uso, masikio na shingo, vijiko viwili kwa mikono yote miwili, na vijiko vitatu kwa miguu. Hiyo ni mililita 30 kwa mara moja. Inarudiwa kila baada ya saa mbili, basi hata ukipaka mara mbili tu kwa siku ni mililita 60, na chupa ya mililita 100 haifiki siku mbili. Ukifunika mikono na miguu, kinachobaki ni kijiko kimoja cha uso na nusu kijiko cha viganja. Chupa ile ile, ukipaka mara mbili kwa siku, inakwenda siku sita. Ukirudi mapema ukapaka mara moja tu, inakaribia wiki mbili.

Mitumba ya hapa imejaa mashati ya michezo ya mikono mirefu ya poliesta, mepesi na yanayokauka haraka. Yapime hivi: ingiza mkono ndani ya shati, liinue kuelekea taa au dirisha. Ukiona umbo la vidole vyako waziwazi, na jua linaviona. Chagua yaliyofumwa kwa kubana, na rangi iliyokolea kuliko nyeupe. Fulana nyeupe ya pamba iliyochakaa ina kinga ndogo hata ikiwa kavu, na ikilowa jasho inashuka karibu nusu, maana uzi uliolowa hupitisha mwanga. Kanga moja nyembamba ni hivyo hivyo, ikunje mara mbili. Kwa mikono, vaa soksi za mikono kama za madereva wa bodaboda, au kata miguu ya skintaiti nene nyeusi, sentimita 45 kila mmoja, fundi akunje pindo la juu na kutia lastiki isiyobana. Mpira ukibana, damu haipiti na vidole vinakufa ganzi kwenye usukani. Pindo la chini lifike hadi kwenye vifundo vya vidole, ndipo lile doa la sarafu litafunikwa pia.

Kwa shingo, chukua kapelo nyepesi inayokaa chini ya helmeti, ushonewe nyuma kipande cha kitambaa, upana sentimita 40, urefu 25, kutoka sikio hadi sikio. Kishonwe kwa ndani ya ukingo wa kapelo, kwa sababu mshono mnene chini ya helmeti huchoma kichwa baada ya kilomita 20. Helmeti yenyewe ibane kama kawaida, ukiona imelegea au imepanda juu kwa sababu ya kapelo, kapelo hiyo ni nene, badilisha. Kama unanyoa upara, kapelo inazuia pia jua linalopenya matundu ya helmeti na kukutia mabaka kichwani.

Losheni utakayonunua iwe na SPF 30 kwenda juu, na alama ya herufi UVA ndani ya duara au PA yenye alama za kujumlisha tatu. SPF peke yake inazungumzia mionzi ya kuunguza, na weusi wako unaletwa pia na ile mingine, yaani UVA, ambayo ndiyo inayopimwa na alama hizo mbili. Usilipe zaidi kwa sababu ya 50: losheni ya 30 hupitisha asilimia 3 hivi ya mionzi ya kuunguza, ya 50 hupitisha 2. Kinachowaangusha wengi ni kupaka nusu ya kipimo, hapo 50 yote inabaki jina tu. Losheni za zinki huacha kijivujivu kwenye ngozi yetu. Kama inakukera tafuta yenye rangi ya kahawia, ambayo tena huzuia sehemu ya mwanga wa kawaida unaotia ngozi nyeusi weusi zaidi. Paka ngozi ikiwa kavu, kabla hujaanza kutoka jasho. Juu ya nyusi acha nafasi ya vidole viwili bila losheni, kapelo itapalinda, vinginevyo jasho litaishusha machoni ukiwa kwenye mteremko. Kabla ya kurudia, futa jasho na vumbi kwa kitambaa. Chupa usiiache kwenye kreti juani, joto linaiharibu. Ikigawanyika maji na mafuta, itupe.

Mafuta ya nazi, pamoja na uzuri wake, hayana kinga ya kutegemea. Liwa huweka tabaka usoni, lakini kinga yake haina kipimo na jasho la baiskeli huishusha yote.

Sasa ile krimu ya kuchanganywa. Usiiguse. Mkorogo kwa kawaida huwa na hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo linalosimamia vipodozi tangu 2019. Steroidi hukondesha ngozi hadi mapaja yakapasuka michirizi na kidonda kidogo kikagoma kupona. Zebaki huharibu figo. Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu juani huweza kuacha weusi wa kibuluu usoni usiotoka. Na hata kabla ya hayo, krimu inaondoa kinga yako ya 13 halafu unapanda baiskeli kurudi jua lile lile. Limao nalo ni hatari kuliko linavyoonekana: maji yake yakikauka kwenye ngozi na jua likapiga, hutoa malengelenge yenye umbo la mchirizi, na doa linakaa miezi.

Vidole vyako si jua. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi na kuiacha nyeusi, na wabanguaji wanayajua vizuri. Pakeni viganja mafuta ya kula au ya nyonyo kabla ya kubangua, mpake tena kila yanapokwisha mkononi. Mafuta ya ganda yakigusa ngozi, yafute kwanza kwa mafuta ya kula, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Maji peke yake huyasambaza. Usijishike uso wala sehemu za siri, na ngozi inayochubuka usiivute. Madoa yatatoka yenyewe kwa wiki kadhaa mkiacha kuyagusa.

Mistari yako nayo itatoka. Tabaka la juu la ngozi hujibadili kwa takriban wiki nne, lakini kwenye ngozi nyeusi weusi hukaa zaidi: uso utaona nafuu kwanza, mikono ifuate, miguu ikachukua miezi. Hesabu inaanza siku uliyofunika, na hata Jumapili moja bila mikono mirefu inakurudisha nyuma. Wapo wanaoamua kuanika sehemu nyeupe ili zilingane. Hiyo ni kuharibu ngozi ambayo bado nzima. Jioni baada ya kuoga paka mafuta yoyote mepesi ngozi ikiwa na unyevu.

Shingo ikiungua tena, weka kitambaa cha maji baridi dakika 15, rudia, kunywa maji, lala bila kupaka mafuta mazito usiku wa kwanza. Dawa ya meno haina kazi hapo. Malengelenge usiyapasue, na homa au kutapika ni vya hospitali.

Tunaongeza moja ambalo hukuuliza, kwa kuwa unakanyaga pedali kila siku. Mtu mweusi akipata saratani hatari ya melanoma, mara nyingi huanzia pasipo na jua: wayo, kiganja au chini ya ukucha. Ya Bob Marley, aliyefariki 1981, ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Ukucha uliokuwa mweusi kwa kubanwa na kiatu, weusi husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Mstari mweusi usiosogea, unaopanuka au kuvuka hadi kwenye ngozi ya pembeni, mwonyeshe daktari yule yule atakayemwona mtoto.

Mkishamwona, tuandikie amesema nini kuhusu masikio.